Asteria wa Myamba Aliyekaa Tu

Wifi yangu Asteria hajawahi kukaa. Nalitanguliza hili ili asije mtu akalisahau njiani, maana huko mbele kuna takwimu.

Kaka yangu Aminieli, Mungu amrehemu, alimwoa mwaka ule mto ulipobeba daraja. Siku ya tatu ya harusi bibi harusi alitakiwa awe ndani, analishwa, anapakwa mafuta, anatazamwa na watoto dirishani. Asubuhi hiyo baragumu likalia. Kwa asiyejua, huku Upareni baragumu likilia ni msaragambo, kila nyumba inatoa mtu kwenda kwenye kazi ya kijiji, na siku hiyo ilikuwa kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Mama yangu akatoka na karai lake. Alipofika bwawani akamkuta mkwewe yupo tayari, tope magotini, kanga ya harusi kaifunga kiunoni, anawaambia wanaume wasogee.

Mama akarudi nyumbani akamwambia baba, "Mwanao hakuoa. Kaleta tingatinga."

Jina hilo likamganda mpaka leo, na yeye hulifurahia kuliko la ubatizo.

Kabla magari hayajazoea kupanda huku, tangawizi ya Myamba ilishuka Ndungu kwa vichwa vya wanawake. Asteria alikuwa anashuka na mzigo kichwani na mikono inasuka kikapu, na akifika chini anauza tangawizi, anauza kikapu, kisha anaingia kwenye mashamba ya mpunga kupalilia kwa kibarua mpaka jioni, halafu anapanda na mchele. Nilimfuata mara moja. Nilirudi nimebebwa. Kanisani ndiyo usiseme. Mchungaji alimwona katikati ya mahubiri mkono umezama kwenye mkoba, unachambua maharage. Akasimamisha neno la Bwana.

"Asteria, hata leo?"

"Ni ya mchana wako, Baba Mchungaji," akasema, wala hakutoa mkono.

Watu walicheka mpaka mwinjilisti akaanzisha wimbo kuficha aibu.

Sasa sikilizeni desturi yetu, kwa sababu kesi nzima imelala hapo. Huku mlimani mgeni akibisha hodi, jembe linajificha. Mgeni akikukuta unafanya kazi anaona kakuharibia siku, anasema, "Sikai, nimepita tu," anaondoka sufuria halijachemka. Halafu kijiji kitasemaje? Kwa hiyo unatupa jembe nyuma ya mlango, unapangusa mikono, unaketi kama uliyeketi tangu juzi. Akiuliza mnafanya nini, unamjibu, "Tumekaa tu." Ndipo naye anakaa, anakula, anapumua. Nasikia mijini mtu anafungua mlango anasema yuko bize. Wageni wao watakufa njaa.

Basi mwaka juzi akaja Sumaiya. Binti wa Same mjini, mpole, buti za plastiki, kishikwambi kwenye mkoba. Alikuwa ametumwa na watu wa utafiti kuulizia habari za kazi. Walitaka kulinganisha uchumi wa aina mbili, wa mlimani kwetu kwenye tangawizi na wa tambarare kwenye mifugo na mpunga, tena waone umekwendaje tangu hesabu ya mwisho, miaka ishirini nyuma. Hapa Myamba mguu wake wa kwanza ulikwenda kwa Asteria.

Mimi nilikuwepo, nimekwenda kuazima ungo. Asteria alikuwa anakatakata tangawizi ya kukausha, kuku wanamngoja, mbuzi anamlilia, makande yako jikoni. Aliposikia hodi, tangawizi ikafunikwa kanga, kisu kikaingia chini ya kigoda, na juu ya kigoda akakaa yeye, mikono mapajani.

"Shikamoo mama. Shikamoo bibi," Sumaiya akatuamkia.

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu ndani. Sisi tumekaa tu."

Binti akaketi, akaeleza alilotumwa, akawasha kishikwambi. "Mama, katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote, hata ya saa moja?"

"Kazi gani, mwanangu? Tumekaa tu."

"Hata shambani kwako?"

"Shamba lipo. Tunaliangalia."

"Biashara ndogo ndogo?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Na unatafuta kazi?"

Hapo Asteria akacheka. "Nitafute ya nini? Huku kazi ndiyo inatutafuta sisi. Kunja miguu vizuri, makande yanakuja."

Sumaiya akagusa kioo, akagusa tena. Nami akaniuliza hayo hayo, nikajibu hayo hayo, na nikiulizwa kesho nitajibu hivyo hivyo. Akala bakuli mbili. Alipotokomea kwenye migomba, Asteria akatoa kisu chini ya kigoda akaikimbilia tangawizi kama mtu anayezima moto. Na Sumaiya akaenda nyumba ya pili, wakamwambia wamekaa tu, akala, akaenda ya tatu. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa. Jioni alishuka mlima amevimba tumbo.

Hayo yaweke pembeni kidogo, nikulete Ndungu.

Kitinda mimba wa Asteria ni Vitus, fundi wa bodaboda pale Ndungu, na huyo alimpenda Naanyu, binti wa Saning'o mfugaji. Siku tulipokwenda kujitambulisha tulidhani tutakuwa na kazi ya kutafuta maneno. Mama mzaa binti, Nairesiae, mwanamke mrefu kama mlingoti, akamtazama Asteria juu mpaka chini akasema, "Nyie ndio mnaolima ukutani?"

Alimaanisha milima yetu ilivyosimama.

Asteria akamjibu, "Ndio sisi. Na nyie ndio mnaotembea nyuma ya ng'ombe mkasema ni kazi? Ng'ombe ndiye anayefanya kazi, anatembea, anakula. Wewe unamsindikiza."

"Nyumba yako alijenga nani?"

"Fundi."

"Hii niliijenga mimi, kuta na paa. Kaa ndani yake uheshimu."

Asteria akakaa, akaheshimu, na kuanzia hapo wakawa kama chumvi na makande. Wakikosa kutaniana wiki moja, mmoja lazima aumwe kichwa.

Mjukuu wa kwanza alikuwa wa kiume, akaitwa Aminieli bila ubishi. Wa pili akawa wa kike. Hapo ndipo moto ulipowaka. Asteria alitaka aitwe Asteria. Nairesiae alitaka aitwe Nairesiae. Si utani tena. Wifi yangu hakupata binti, alizaa wavulana watupu, na jina lake halijabebwa na mtu. Aliniambia tukipalilia, bila kunitazama, "Wifi, nikifa, Tingatinga halina mtoto." Sikuwahi kumwona amesimamisha jembe namna ile. Nairesiae naye alisema la kwanza lilikwenda mlimani, la pili lazima libaki chini, na kichwa chake ni kigumu kuliko pembe.

Naanyu aliyezaa hakuulizwa. Mtoto akawa anaitwa Mtoto. Kliniki Mtoto, majirani Mtoto. Mchungaji akapanga Jumapili ya ubatizo akasema anataka jina, hawezi kumbatiza Mtoto.

Wiki hiyo wote tulikuwa Ndungu kwa Vitus, mabibi wawili wananyang'anyana zamu ya kumwogesha, ndipo Sumaiya akapita. Alikuja kutualika. Majibu ya utafiti yametoka, yatasomwa Alhamisi kwenye darasa la shule, mlimani na tambarare pamoja. Asteria alisikia hodi akakaa kwenye kitanda cha Vitus, mikono ikidondosha povu.

"Majibu gani?" Nairesiae akauliza. Yeye alikuwa anamkumbuka Sumaiya vizuri. Binti alipofika bomani kwake na kumuuliza kama anafanya kazi, Nairesiae alimwambia, "Shika huyu ndama." Maswali yote yaliulizwa huku Sumaiya ameshika ndama kwa mkono mmoja na kishikwambi kwa mwingine, na ndama analamba mkono wa gauni.

Sumaiya akaeleza. "Kiwango cha ushiriki katika nguvu kazi, mama. Yaani kati ya wanawake kumi watu wazima, wangapi wanafanya kazi au wanaitafuta. Upande wa mlimani na upande wa tambarare. Zamani na sasa."

Nikaona macho ya Asteria yanawaka. Nguvu, na kazi, vyote katika neno moja. "Mkwe," akamgeukia Nairesiae, "umesikia? Serikali au nani sijui wamepima. Basi hilo ndilo liamue. Upande ambao wanawake wake wanafanya kazi zaidi, bibi wa upande huo ndiye mwenye jina."

"Nyie Wapare mtauza ng'ombe mshinde kesi ya kuku."

"Unaogopa."

"Mimi?" Nairesiae akatema mate kiganjani, akapokea mkono wake wenye povu. "Alhamisi."

Naanyu alikuwa pembeni ananyonyesha. Akasema, "Mimi nipo hapa, mama zangu." Hawakumsikia. Mimi nilimsikia, ila nilikuwa na hamu ya Alhamisi.

Asteria alishuka siku hiyo kama anakwenda kutawazwa. Alivaa kitenge cha Pasaka. Nyuma yetu wanawake wa Myamba wamejaza pikapu mbili, wanaimba, mmoja kabeba kabisa keki ya kumpongezea. Nairesiae alikuja na wake, shanga zinalia, wakakaa upande wa dirisha. Sisi tukakaa upande wa mlango. Katikati mtu hakukanyaga.

Sumaiya akasimama ubaoni akiwa na chaki. "Miaka ishirini iliyopita," akasema, "upande wa mlimani, kati ya wanawake kumi, tisa walikuwa kwenye nguvu kazi."

Tukapiga vigelegele. Asteria akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za kweli.

"Upande wa tambarare, watatu."

Tukapiga zaidi. Mtu akamuuliza Nairesiae kama anataka kitambaa cha kufutia machozi.

"Na sasa," Sumaiya akaendelea, na sauti yake ikapungua kidogo, "tambarare wamepanda. Kati ya kumi, tisa." Dirishani shanga zikalia. "Mlimani wameshuka." Akaandika. Tukasubiri asogee tuone ubao. "Wanne."

Nje jogoo wa mwalimu akawika.

"Wanne wangapi?" Asteria akauliza.

"Wanne tu, mama. Sita wako nje ya nguvu kazi."

"Ndio wakina nani hao sita? Watajwe."

Sumaiya akaona haya. Alikuwa binti mwenye adabu, na majina ya watu hayatajwi. Akasema tu, "Ni wale walioniambia wamekaa tu."

Ilianza kicheko upande wa dirisha, kikavuka katikati, kikatukamata na sisi. Wanawake wa Myamba walitazamana mmoja mmoja, na kila mmoja akaona kisu cha mwenzake chini ya kigoda. Aliyebeba keki akaiweka chini asiiangushe. Mimi nilicheka mpaka nikashikwa na kichomi.

Asteria hakucheka. Alisimama. Nilijua anachotaka kusema, na kila mmoja mle ndani alijua. Lilikuwa neno jepesi: binti, siku ile nilikuwa na kazi mpaka puani, nilikuficha tu. Likitoka hilo, namba inaanguka, na jina la mtoto ni lake. Akafungua mdomo. Akamtazama Sumaiya. Binti kashika chaki, kakunja uso kama mtoto anayengoja kuchapwa, na kwenye uso ule nadhani wifi yangu aliona bakuli mbili za makande. Utamwambiaje mgeni, baada ya kula kwako, kwamba alikupotezea siku?

Akafunga mdomo. Akaufungua tena.

"Binti ameandika sawa," akasema. "Siku ile nilikuwa nimekaa."

Akaketi. Kitenge cha Pasaka kikaketi naye, na nikaona mkono wake unatafuta mkoba, na ndani ya mkoba hakukuwa na maharage. Nilishika mkono huo.

Nairesiae alikuwa amekwishainua kinywa kupiga kigelegele cha ushindi. Kikamwishia kooni. Akainuka, akavuka ile katikati.

"Muongo mkubwa," akasema. "Sumaiya, binti yangu, andika tena. Huyu nimekwenda kwake tangu watoto waoane. Kila nikifika amekaa. Amekaa, na ana udongo mpaka kwenye viwiko. Amekaa, na jembe linaanguka lenyewe nyuma ya mlango. Mara moja alikaa juu ya kuku. Nilimsikia kuku."

Sasa hata Sumaiya akacheka, akalazimika kushika meza.

"Na hizo tatu zetu za zamani," Nairesiae akaendelea, maana akishika neno haliachi, "nazijua. Aliyekuja miaka ile alimuuliza Saning'o. Akamuuliza, 'Wake zenu wanafanya kazi?' Saning'o akamwambia hapana, wapo nyumbani. Mimi nilikuwa juu ya hiyo nyumba, napaka samadi. Nilimsikia nikiwa paani. Nikamdondoshea kidogo."

Saning'o, aliyekuwa amesimama mlangoni na wanaume, akasema kwa upole kwamba anakumbuka samadi, ila hakujua sababu.

"Na tisa zetu?" mwanamke mmoja wa kwetu akauliza.

Hilo nililijibu mimi, maana ni nani mwingine ana kumbukumbu kama yangu. Miaka ile aliyejibu kwa niaba yetu wote alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, Zephania, aliyekaa na mhesabuji barazani kwake akatutaja: mkulima, mkulima, mkulima. Alimtaja hata bibi Koleta, ambaye alikuwa hainuki kitandani.

Sumaiya aligeukia ubao akaanza kuandika pembeni ya kila namba: aliulizwa nani, na nani alijibu. Alikuwa na furaha kama mtu aliyeokota pete. "Kumbe huenda hakuna aliyepanda wala kushuka," akasema. "Lililobadilika ni swali limepita mlango gani." Akaahidi kuyapeleka yote kwa wakubwa wake, na atakaporudi kuuliza hatakubali kuketi.

"Hutakaa?" Asteria akashtuka. "Basi hutakula."

Keki ililiwa na pande zote mbili.

Unadhani ugomvi wa jina ulikwisha? Uligeuka nyuma mbele. Njiani kutoka shuleni Nairesiae akasema hesabu imeharibika, lakini mkwe wake kanyamaza kwa heshima ya mgeni, na mtu wa namna hiyo anastahili kubebwa jina, kwa hiyo mtoto ni Asteria. Asteria akasema yeye hapewi zawadi kwenye dau. Alikubali kwa mkono, ameshindwa, mtoto ni Nairesiae.

"Ni Asteria."

"Ni Nairesiae. Una masikio ya kutobolewa bure?"

Walibishana hivyo siku tatu, kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza, kila mmoja akimtetea mwenzake kwa matusi. Vitus alikwenda kulala gereji.

Jumapili tukaingia kanisani. Mabibi wamekaa benchi la mbele, mmoja kitenge, mwingine shuka na shanga, wamepeana mabega kama ng'ombe wa jembe moja. Naanyu akasogea na mtoto, Vitus pembeni, wadhamini nyuma. Mchungaji akachota maji.

"Mtoto huyu anaitwa nani?"

"Nairesiae," akasema Asteria.

"Asteria," akasema Nairesiae.

Walisema pamoja, na kwa nguvu. Mchungaji akatazama maji yake akasema ameleta ya mtoto mmoja.

Ndipo Naanyu akainua uso. Sijawahi kumsikia binti yule akipaza sauti, na hata siku hiyo hakupaza. "Anaitwa Naomi," akasema.

Mchungaji akatabasamu kabla yetu. Wanaosoma Biblia wakaanza kunong'onezana, na ikafika benchi la mbele. Naomi, mkwe wa Ruthu. Ni jina la mama mkwe. Mabibi wawili wakageukiana, kila mmoja anatafuta pa kukasirikia, wasipaone. Asteria ndiye aliyeanza kucheka, mabega kwanza, kisha kitenge chote, Nairesiae akafuata, na maji ya ubatizo yakamwagwa katikati ya kicheko. Mtoto peke yake ndiye aliyelia.

Karamu ilikuwa Myamba, uani kwa Asteria. Sumaiya alialikwa, akapanda na gauni la sherehe. Nilikuwa jikoni nilipomsikia akibisha hodi, nikamtupia jicho wifi yangu. Vidole vyake vilikuwa kwenye viazi. Kisu kilielekea chini ya kigoda, kwa mazoea. Kikasimama njiani.

"Huyu amekuja mara ngapi?" akaniuliza.

"Kwa hesabu yangu, hodi ya kwanza ya maswali, ya pili ya mwaliko. Hii ni ya tatu."

Asteria akacheka peke yake. Akatoka mlangoni na mikono yake michafu hivyo hivyo, hakuipangusa.

"Shikamoo mama," Sumaiya akasema, akitafuta kigoda kwa macho.

"Marahaba." Akamwekea kisu mkononi na beseni la viazi miguuni. "Menya. Vikiisha kuna vitunguu."

Sumaiya alitazama kile kisu, akatutazama, akavua viatu vyake vya sherehe. Nairesiae akapiga kelele kutoka kwenye moto kwamba akimaliza kuna ndama.